Kisima cha Nusaiba

Nusaiba alifariki Jumanne, na maji ya kumwoshea tuliyanunua kwa mwenye mkokoteni. Ilikuwa siku ya tisa mabomba ya mtaa hayajatoa hata tone. Mie ndiye niliyesimama barabarani kusubiri. Ndani wanawake walikuwa wameshatundika mashuka, wameandaa ubani na karafuu maiti, wanangoja maji tu. Baba yake, Mzee Mwishehe, alikuwa barazani na wanaume wenzake, na kila gurudumu lilipolia njiani alikuwa akiinua kichwa. Alipoambiwa asubuhi kwamba binti yake amekufa hakulia. Alilia pale alipoona madumu ya njano yanashushwa, mtu anayahesabu kwa sauti.

Jina langu Bupe, ila watu wengi wananiita Mama Hope. Kwetu ni Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa kuombwa. Nililetwa Dar na mume aliyekuwa akifanya kazi bandarini, na alipotuacha mie na mwanangu Hope tukabaki kwenye vyumba viwili hapa Mchangani, nyuma ya fukwe, kati ya Ununio na Mbweni. Upande wa bahari kuna hoteli, upande huu tupo sie. Nusaiba alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyenifundisha kukuna nazi bila kujikata vidole, na ndiye aliyekaa na Hope nilipougua mwezi mzima. Tuliitana dada. Mumewe, Twalib, seremala mwenye karakana Keko, alikuwa shemeji yangu.

Nusaiba alikufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua pale zahanati ya mtaa. Mtoto alipona, wa kike, wakamwita Tunu. Baada ya arobaini, mkunga wa zahanati, Demetria, mama wa Kihaya asiyependa maneno mengi, alikuja kunipa pole na akaishia kunisimulia.

"Tangi lilikuwa kavu," alisema. "Madumu mawili aliyokuja nayo yaliisha mapema. Nilinawa mikono kwa maji ya chupa, Mama Hope, huku nayabania. Sisemi kwamba angepona. Damu ilikuwa nyingi mno. Lakini siku ile nilikuwa nafanya kazi na huku nafikiria maji."

Nikamwambia Twalib. Nilidhani ni haki yake kujua. Tangu siku hiyo, hata umwambie nini, yeye alijua kilichomuua mkewe ni ukosefu wa maji.

Mzee Mwishehe alikuwa na kiwanja kidogo mbele ya nyumba yangu, alichomwekea Nusaiba aje ajenge. Alikuwa pia na akiba ya miaka kumi na minane, shilingi kwa shilingi, kwa ajili ya kwenda Hija. Mwaka ulipotimia tangu msiba, alizitoa fedha zile akaita mafundi wa kuchimba visima, wakashusha mabomba mpaka mita arobaini na mbili kwenye kile kiwanja, na maji yakatoka. Matamu. Hayana harufu, hayana rangi. Akaweka matangi mawili juu ya mnara wa zege, koki nne chini, na mtaa mzima ukaambiwa uje uteke.

"Hii ni sadaka isiyokatika," alituambia siku ya kufungua, huku amemshika Tunu mkono. "Kila atakayekunywa, thawabu inamfikia binti yangu huko aliko. Hata kuku akinywa. Mpaka maji yenyewe yakatike."

Kamati ikaundwa, Twalib mwenyekiti, na mie nikapewa kazi ya kuwasha pampu kwa kuwa mlango wangu unatazamana na kisima na mwandiko wangu unasomeka. Aliyenifundisha ni mhandisi mmoja kijana, Leonardi, aliyesimamia uchimbaji. Alinichorea mchangani kwa kijiti.

"Huku pwani, mama, chini ya miguu yetu maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota na upawa taratibu, unapata mafuta. Ukiuzamisha, umeleta mchuzi. Saa sita kwa siku, basi. Msizidishe."

Akanipa kipimo kidogo cha betri, kama kalamu nene. Unakitumbukiza kwenye glasi, kinasoma namba ya chumvi. Siku ile kilisoma mia tatu na themanini. "Ikivuka elfu moja, nipigie," alisema.

Miaka minne kilisoma hivyohivyo, mia tatu themanini, mia nne, mia nne na kumi. Kila asubuhi saa kumi na mbili navuka njia na ufunguo wangu, nawasha, napima, naandika kwenye daftari. Tunu akakua palepale kwenye zile koki. Babu yake alimfundisha kwamba akinywa amwambie mama yake, maana mama anasikia. Basi mtoto ananyanyua kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, anasema, "Mama, nimekunywa," halafu anakunywa mpaka mwisho, hata kama hana kiu.

Mwaka wa nne wa kisima masika yalikuwa haba, na vuli haikuja kabisa. Mto unaolisha jiji ulishuka mpaka tukawa tunaonyeshwa kwenye taarifa ya habari michanga yake. Ukaja mgao: siku moja kwa wiki, kisha moja kwa wiki mbili, kisha ratiba ikawa inabandikwa tu na hakuna anayeiamini. Watu walianza kuja kisimani kwetu kutoka Tegeta na bajaji zimejaa madumu. Hatukumfukuza mtu. Mzee Mwishehe alikuwa anakaa kwenye benchi chini ya mnara, anawatazama wanavyoteka, na nadhani zile zilikuwa siku zake za furaha kuliko zote tangu msiba.

Mwishoni mwa Novemba akaja Gaspar, meneja wa Hoteli ya Matumbawe. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa mtu mpole, amechoka, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Visima vya hoteli, vilivyochimbwa karibu na ufukwe, vilikuwa vimeshageuka chumvi miaka miwili nyuma, na sasa hata maboza ya maji yalikuwa hayapatikani. Wageni wa Krismasi walikuwa wameshalipia vyumba.

"Nikifunga, nafunga na watu wenu," aliiambia kamati. "Sitini na wanne wanatoka Mchangani hapa. Siwatishi, nawaambia ilivyo."

Alichoomba ni maji kwa miezi mitatu. Alichotoa ni bomba: mita mia tisa, na watu wa kuchimba mtaro, kutoka kisimani mpaka zahanati. Miaka minne tulikuwa tumeziomba hizo mita mia tisa kila ofisi tunayoijua.

Mkutano ulifanyika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Twalib alisimama. Si mtu wa kuhutubia, mikono yake ilikuwa haijui ikae wapi.

"Wote mnajua mke wangu alifia wapi," alisema. "Sina zaidi ya hapo."

Mzee Mwishehe aliuliza swali moja. "Maji yatatosha?"

"Yatatosha, baba," Twalib alimjibu. "Tutapampu muda mrefu zaidi kidogo. Miezi mitatu, halafu tunarudi palepale."

Mzee akafikiri, akachezesha tasbihi yake. "Kama ni kwa ajili ya wazazi wa zahanati," alisema, "mie nani wa kukataa."

Tukanyoosha mikono. Mie nilinyoosha pia. Nilimkumbuka Leonardi na kile kijiti chake, nikajiambia kwamba wahandisi hupenda kuweka akiba kwenye maneno yao. Muda mrefu zaidi kidogo ulikuwa saa kumi na sita kwa siku. Nawasha alfajiri, nazima saa nne usiku.

Wiki ya pili kipimo kilisoma mia tano na ishirini. Ya nne, mia tisa. Ilipovuka elfu moja nikampigia Leonardi, ambaye alikuwa ameshahamishiwa Lindi.

"Mnapampu saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Mama Hope, zima."

"Kamati ndiyo iliyo—"

"Kamati haioni kilicho chini. Zima leo. Mnavuta bahari, mama. Ikishapanda haishuki kwa sababu umejuta. Nisikilize. Zima."

Sikuzima. Nilipanda gari nikaenda Keko kumtafuta Twalib, maana niliona si jambo la kusema kwenye simu. Nilimkuta karakanani, amejaa vumbi la mbao mpaka kope, anapiga randa ubao wa kitanda. Aliposikia, aliendelea kupiga randa kwa muda, kisha akaiweka chini.

"Bomba limebaki mita mia mbili," alisema.

"Najua, shemeji. Lakini Leonardi anasema—"

"Wiki iliyopita Demetria amewarudisha wanawake wawili. Na uchungu umeshawashika. Kawaambia waende hospitali ya mbali kwa sababu hana maji. Mmoja kajifungulia kwenye bajaji." Alipangusa uso kwa mkono, akajipaka vumbi zaidi. "Tukimzimia Gaspar leo, kesho anaondoa vibarua wake. Siku kumi, shemeji. Nipe siku kumi bomba lifike, halafu mie mwenyewe nitakuja kuizima."

"Na mzee?"

"Mzee asijue kwanza. Ana presha. Tufikishe maji zahanati, ndipo tumwambie hizo namba."

Nikampa siku kumi. Hakuna aliyenishika mkono. Ufunguo ulikuwa wangu, swichi ilikuwa mbele ya mlango wangu, na kila alfajiri nilivuka njia nikaiwasha. Nilikuwa nazisoma namba na kuziandika kwa mwandiko wangu mzuri. Elfu moja mia mbili. Elfu moja mia nne. Chai ya maziwa ikaanza kukatika sufuriani. Maharage yakawa hayaivi. Majirani wakasema ni ukame umeyafanya maji mazito, nami nikawaacha waseme hivyo.

Siku ya saba, baada ya swala ya alasiri, Mzee Mwishehe alikuja kwangu na Tunu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto kanitia wasiwasi." Alikaa kwenye kigoda, taratibu kama kawaida yake. "Ameyatema maji. Anasema maji ya mama yake yana chumvi. Nimemgombeza, lakini nimelala nalo. Ulimi wangu mie umekufa na hizi dawa za presha, ukinipa chumvi ukinipa sukari sijui. Wewe ndiye unayepima. Niambie. Maji ni mazima?"

Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa. Lilisema elfu moja mia saba na ishirini. Mzee hakuwa na miwani yake.

"Ni ukame tu, baba," nilisema. "Mvua ikinyesha yatakaa sawa."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea. Akamgeukia mjukuu wake. "Umesikia? Haya, muombe radhi mama yako."

Tunu alikuwa bado ameshika kile kikombe chake, kina maji. Akakitazama. "Samahani, mama," alisema. Halafu akanywa. Niliona anavyokunja uso na kumeza, anajikaza, miaka mitano yule mtoto, huku macho yamemtoka.

Nimefanya mabaya mengine maishani. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Zile siku kumi zikawa kumi na nne, maana mwamba ulitokea kwenye mtaro. Bomba lilifika zahanati Alhamisi ya pili ya Januari. Twalib alivaa kanzu nyeupe. Hoteli ilipika pilau, Gaspar akaja na mkewe, wanawake wa mtaa wakajaa uani kwa zahanati na watoto migongoni. Mzee Mwishehe ndiye aliyefungua koki. Kwanza ilikohoa hewa, ikatoa kahawia, kisha yakaja maji meupe kwa nguvu mpaka yakamlowesha kanzu. Vigelegele vilipigwa mpaka nikasikia masikio yanavuma. Twalib alisimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, ameegemeza paji la uso kwenye fremu, mabega yanatikisika, na hakuna aliyemsogelea, tulimwacha.

Demetria alikwenda kwenye sinki kunawa. Nilimwona anasugua sabuni, anaigeuza, anasugua tena. Povu halikutoka. Akakinga kiganja, akaonja. Halafu akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale.

"Mama Hope, njoo."

Nikaenda.

"Ni hivihivi hata huko kisimani?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Alinitazama, kisha akatazama nje, ambako Mzee Mwishehe alikuwa akimwagiwa baraka na wanawake. "Wacha kwanza wale pilau," alisema.

Twalib alitimiza ahadi yake, alikuja akaizima pampu kesho yake kwa mkono wake. Tukapumzisha kisima siku nne. Tulipowasha tena, kipimo kilisoma elfu tatu na mia moja. Tukapumzisha wiki nzima. Elfu tatu na mia sita. Ilikuwa imepanda hata tulipokuwa tumekaa. Kule zahanati, sufuria ya Demetria ya kuchemshia vifaa iliota ukoko mweupe, na makasi yakaanza kutu. Akaifunga ile koki kwa kipande cha khanga.

"Kudekia nitadekia," alisema. "Kumpa mzazi anywe, hapana. Vifaa, hapana."

Leonardi alikuja kutoka Lindi kwa nauli yake. Alishusha kamba yenye kipimo mpaka chini kisimani, akaipandisha mita kwa mita, anaandika. Tulikuwa wanne pale: yeye, mie, Twalib na Mzee Mwishehe, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa ameambiwa pampu ni mbovu. Twalib mwenyewe ndiye aliyemwita mzee. Alisema hawezi tena kukaa naye meza moja bila kumwambia.

Leonardi aliviringisha kamba yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bahari imepanda yote," alisema. "Hakuna tena maji baridi hapa, isipokuwa juu kabisa, na hayo ni machache hayafikiwi na pampu."

"Itachukua muda gani?" aliuliza Mzee Mwishehe.

"Mkiacha kabisa, na mvua ziwe nzuri mfululizo... miaka kumi na tano, mzee. Labda ishirini. Pengine isirudi. Siwezi kukudanganya."

"Mie nina sabini na nane," alisema mzee. Alisema kama mtu anayejaza fomu. Kisha akauliza, "Ilianzaje?"

Twalib akamwambia. Hakujitetea na hakunitaja. Alisema hoteli, saa kumi na sita, namba, siku kumi. Alisema, "Nilijua, baba." Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Bahari ilikuwa inasikika kutoka kule nyuma ya ukuta wa hoteli.

"Ulikuja kuniomba binti, nikakupa," alisema. "Ukaja kuniomba kisima, nikakupa."

Twalib alipiga magoti mchangani, akataka kumshika miguu, mzee akairudisha nyuma, si kwa hasira, kama mtu anayempisha mwenzake apite.

Ndipo nikasema. Ningeweza kunyamaza, lakini nilimwona Twalib pale chini peke yake. "Baba, hata mie nilijua. Siku ile ulipokuja na Tunu nilikuwa najua."

Mzee Mwishehe alinigeukia. "Mie nilikuuliza," alisema. "Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza, baba."

Akaondoka, akatembea polepole kuelekea nyumbani kwake, akafunga mlango.

Pampu ilitolewa mwezi wa pili. Matangi yakahamishiwa zahanati, sasa wanajaza kwa boza, wakipata. Ile hoteli ilinunua mtambo wa kusafisha maji ya bahari, nao hawana shida tena, na vijana wetu wale sitini na wanne bado wanafanya kazi kule, lazima niseme na hilo. Gaspar alikuja kuomba radhi na katoni tano za maji ya chupa. Mzee hakumfungulia. Katoni zilikaa barazani siku mbili, mwisho Demetria akazichukua kwa ajili ya wazazi wa zahanati.

Mtaani watu walisema waliyosema. Kwamba Twalib alihongwa tenda ya vitanda. Kweli aliwahi kuitengenezea ile hoteli viti, lakini zamani, kabla ya yote, na mie nililisema hilo kwa kila aliyetaka kusikia. Hawakutaka. Kuna asubuhi aliamka akakuta mlango wake umemwagiwa ndoo ya maji ya chumvi. Mwezi wa tatu alikuja kuniaga. Anahamia Keko, amepata vyumba viwili karibu na karakana, na Tunu anaanza shule ya awali kule.

"Na mzee?" nilimuuliza.

"Nimemwomba twende wote. Hakunijibu. Nimemwomba basi aseme kama nimwachie mtoto. Hakunijibu pia." Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia. "Shemeji, mie nitamwachiaje mtoto mtu ambaye hasemi na mie?"

Nilimfungia Tunu nguo zake. Zilienea kwenye mkoba mmoja. Mzee alitoka barazani alipoisikia bajaji, akambeba mjukuu wake, akamnusa kichwani, akamketisha kwenye kiti mwenyewe na kumfunga vifungo vya sweta, ingawa lilikuwa joto la kuchoma. Twalib alisimama upande wa pili wa bajaji. Kati ya wale wanaume wawili palikuwa na huyo mtoto tu, na hawakutazamana. Bajaji ilipoondoka mzee alibaki amesimama mpaka vumbi likatua. Nilitaka kumshika mkono apande ngazi. Aliniambia, "Naweza," akapanda.

Nilidhani hatakanyaga tena kwangu. Lakini Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilimkuta amesimama mlangoni, simu yake ya vitufe mkononi.

"Sijui kuibonyeza hii," alisema. "Nipigie Keko. Nataka mtoto."

Tangu hapo simu yake inakaa kwangu, naye anakuja kila Ijumaa. Anakaa kwenye benchi langu la nje, mie napiga, Twalib anapokea upesi kama mtu aliyekuwa anasubiri na simu mkononi, anamwita Tunu. Chai nikimwandalia mzee haigusi. Sijamlaumu. Nawasha kipaza sauti kwa sababu masikio yake ni mazito, kwa hiyo nasikia yote.

Ijumaa iliyopita Tunu alimsimulia habari za shule, za mwalimu, za paka aliyezaa chini ya rundo la mbao. Halafu akauliza, "Babu, mama bado ana kiu?"

Sijui ni nani aliyemwambia hivyo, au kama alifikiria mwenyewe tu, kwa akili za kitoto. Mkono wa Mzee Mwishehe ulianza kupapasa goti, kama unatafuta kitu.

"Mama hajambo," alisema. "Mama yako hajambo kabisa. Wewe soma."

Mtoto akakimbia kwenda kwa paka wake, na sauti ya Twalib ikaja. "Shemeji, bado yupo hapo?"

Nilimtazama mzee. Alikuwa anavaa makubazi yake.

"Yupo," nilisema.

"Mwambie..." Nyuma yake mashine ya kupasulia mbao ilikuwa inanguruma, ikakatika. "Mwambie namsalimu. Mwambie mtoto anamlilia usiku. Mwambie nimepata chumba cha tatu, cha mbele, kina upepo. Sitaki anisamehe, shemeji. Aje tu akae na mtoto."

Mzee alisikia kila neno, alikuwa hatua mbili kutoka kwenye ile simu. Alinyanyuka kwa kushika ukuta. Alitulia hapo kidogo, mgongo ameupa simu, kisha akanyoosha mkono nikampa simu yake, na nikaona kidole gumba kinapita juu ya vitufe, hakijui kipi ni kipi. Akanirudishia niikate.

"Mpaka Ijumaa," aliniambia, akashuka njiani.

Twalib alikuwa bado anangoja. "Amesemaje?"

"Amesema mpaka Ijumaa," nilimjibu.

"Haya," alisema, na nikasikia ile mashine inawashwa tena.